Swali Lile Umepata Ngapi?

Karatasi ya mwisho ya Hisabati ya Kidato cha Sita tuliifanya asubuhi, na kabla msimamizi hajamaliza kufunga bahasha ya majibu yetu, sisi tulikuwa tumeshakusanyika chini ya mwembe uliokuwa nyuma ya ukumbi. Hapakuwa na mtu aliyeitisha kikao. Swali lilikuwa moja tu, na liliulizwa kwa sauti ishirini tofauti: "Lile la nne umepata ngapi?" Mmoja akataja namba, wawili wakashangilia, mwingine akanyamaza na kuanza kuangalia viatu vyake. Baada ya robo saa tulikuwa tumeipigia kura karatasi nzima, swali kwa swali, na kila mtu akaondoka na hesabu yake kichwani kuhusu kinachomsubiri. Alikuwepo mwenzetu mmoja aliyelikataa jibu la wengi katika swali moja. Aliokota kijiti, akachora kwenye mchanga, akaanza kueleza. Hatukumsikiliza, kwa sababu wote tuliokuwa tukisifika kwa Hisabati tulikuwa upande mmoja, naye alikuwa peke yake.

Kila penye mtihani wa kuingilia chuo kikuu pana mwembe wa namna hiyo, hata kama ni ukumbi wa shule, kituo cha basi au kundi la kwenye simu. Walimu na wazazi wengi huutazama kwa jicho moja: huko ni kujitesa bure, lililopita limepita, nenda kajiandae na karatasi inayofuata. Ushauri huo una ukweli wake, hasa kwa mtahiniwa mwenye karatasi nyingine saa nane mchana, na nimewaona waliovunjika moyo kwa karatasi ya kwanza wakaenda kuiharibu ya pili. Hata hivyo, unachanganya mambo mawili ambayo naona ni lazima yatenganishwe. Chini ya mwembe ule walikuwepo watu waliokuwa wakihesabu alama, na alikuwepo mtu mmoja aliyekuwa akilihoji swali. Kazi ya kwanza haina faida karibu yoyote, na kadiri miaka inavyokwenda inazidi kukosa faida. Kazi ya pili ni mojawapo ya njia chache ambazo mtu anayepimwa anaweza kukikagua kipimo chenyewe, na nina wasiwasi kwamba mtihani mashuhuri kuliko yote ya aina yake, yaani SAT ya Marekani, sasa umejengwa kwa namna inayoiacha ile ya kwanza ikiendelea na kuizima ya pili.

SAT ulifanywa kwa mara ya kwanza tarehe 23 Juni 1926 na watahiniwa 8,040, chini ya chombo kiitwacho College Board, baada ya kutungwa na kamati iliyoongozwa na Carl Brigham, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Princeton. Kati ya wahitimu wa sekondari wa mwaka 2024, waliokuwa wameufanya walikaribia milioni mbili. Vyuo vingi viliacha kuudai wakati wa janga la korona, lakini baadhi ya vile vikubwa, vikiwemo MIT, Yale, Dartmouth na Harvard, vimeurudisha, na kwa vijana wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala wanaotafuta ufadhili wa masomo huko, alama ya SAT inaweza kuwa ndiyo karatasi pekee inayowaweka kwenye mizani moja na watoto wa Boston. Ndiyo maana nao hutoka chumbani wakiwa na swali lile lile la chini ya mwembe.

Kuhesabu alama kulikuwa na shida hata katika enzi za karatasi na penseli. Alama ya SAT, inayoanzia 400 na kuishia 1600, haitokani na kugawanya idadi ya majibu sahihi kwa idadi ya maswali. Kila toleo la mtihani hupimwa ugumu wake na kulinganishwa na matoleo yaliyotangulia, kisha idadi ya majibu sahihi hubadilishwa kuwa alama ya mizani, ili aliyefanya toleo gumu mwezi Machi asidhulumiwe mbele ya aliyefanya toleo jepesi mwezi Juni. Utaratibu huo una haki ndani yake, lakini maana yake ni kwamba makosa matano katika toleo moja hayana bei sawa na makosa matano katika toleo jingine. Mwaka 2018 jambo hilo liliwafikia wanafunzi kwa uchungu. Mtihani wa tarehe 2 Juni ulikuwa rahisi kuliko kawaida, hasa upande wa Hisabati. Watahiniwa wakatoka wakilinganisha majibu kwa furaha, wakahesabu makosa machache, na matokeo yalipotoka wengi wakakuta alama zilizo chini ya zile walizopata mwanzo wakiwa na makosa mengi zaidi. Walilalamika hadharani wakitaka mtihani usahihishwe upya. College Board walijibu kwamba mizani imefanya kazi yake, na alama zikabaki vilevile. Kwa kipimo cha takwimu walikuwa sahihi. Kwa kijana aliyekuwa ameshamwambia mama yake alama anayoitarajia, ilikuwa kama kuvuna mahindi ukakuta magunzi.

Tangu mtihani uhamie kwenye kompyuta, mwaka 2023 kwa watahiniwa walio nje ya Marekani na Machi 2024 kwa walio ndani, hata kule kuhesabu kwa kubahatisha hakuna tena msingi. Sehemu ya Kusoma na Kuandika ina maswali 54 na sehemu ya Hisabati ina 44, kila sehemu ikigawanywa katika moduli mbili. Programu huangalia ulivyofanya katika moduli ya kwanza, kisha hukuchagulia moduli ya pili iliyo ngumu zaidi au nyepesi zaidi. Aliyepelekwa kwenye nyepesi hawezi kufikia kilele cha alama hata akipata yote. Maswali manane kati ya yale 98 hayahesabiwi kabisa. Yamechomekwa ili kujaribiwa kwa matumizi ya baadaye, na mtahiniwa hajui ni yapi. Zaidi ya hayo, maswali yenyewe huchotwa kutoka hazina kubwa, kiasi kwamba wawili waliokaa meza jirani wanaweza kuwa wamefanya mitihani tofauti, na waliopata idadi sawa ya majibu sahihi wanaweza kupewa alama tofauti kulingana na uzito wa maswali waliyoyapata. Wakikutana nje na kuulizana "lile la kumi na mbili umepata ngapi," wanaulizana kuhusu vitu viwili visivyohusiana.

Ipo na sababu nyingine, ambayo nadhani ni ya kale kuliko kompyuta. Akili ya mtu aliyetoka kwenye mtihani haikumbuki karatasi nzima. Yale maswali aliyoyajibu bila kusita hupotea mara tu anapovuka mlango; yanayobaki ni yale aliyoyafuta mara mbili. Kwa hiyo mazungumzo yote ya nje hujengwa juu ya maswali magumu, na kila mmoja anajipima kwa sehemu ile ambayo alikuwa na nafasi kubwa ya kukosea. Msichana aliyekosa matatu kati ya yale magumu sita yanayozungumzwa huondoka akiamini amefeli nusu ya mtihani, na hukaa na imani hiyo kwa wiki nzima au zaidi hadi matokeo yatoke. Mateso hayo ni ya kweli, na sina neno la kuyatetea.

Lakini jambo linalonisumbua zaidi katika kuhesabu ni kwamba jibu sahihi huamuliwa kwa kura, na kura hupigwa na wenye sifa. Hapo ndipo inapofaa kukumbuka kilichotokea kwenye mtihani wa PSAT wa Oktoba 1980. Huo ni mtihani mdogo wa maandalizi ya SAT, ambao pia hutumika kuwachuja wanaoshindania ufadhili wa kitaifa wa masomo. Swali moja lilikuwa na piramidi mbili. Ya kwanza ilikuwa na kitako cha mraba na nyuso nne za pembetatu. Ya pili ilikuwa na nyuso nne tu, zote pembetatu. Pembetatu zote zilikuwa na pande sawa na zililingana kwa ukubwa. Ukigundisha uso mmoja wa pembetatu wa piramidi ya kwanza kwenye uso mmoja wa piramidi ya pili, zikafunikana barabara, umbo jipya litakuwa na nyuso ngapi za nje?

Hesabu inayokuja haraka ni hii: tano jumlisha nne ni tisa, toa mbili zilizofichwa na gundi, zinabaki saba. Ndivyo watunzi wa ETS, shirika lililokuwa likiandaa mtihani kwa niaba ya College Board, walivyoandika katika orodha yao ya majibu, na ndivyo nadhani ungeamua mwembe wowote wenye vijana hodari. Mwanafunzi mmoja wa miaka 17 kutoka Cocoa Beach, Florida, alichagua tano. Ukitengeneza maumbo hayo kwa karatasi ngumu utaona alichokiona yeye: yakigundishwa, uso mmoja wa piramidi ya kwanza hunyooka sambamba na uso mmoja wa piramidi ya pili, zikawa uso mmoja bapa usio na kona katikati, na jambo hilo hutokea upande wa kulia na upande wa kushoto. Zile saba zinapungua kuwa tano. Kijana hakukubali kwamba amekosa, akalipinga jibu rasmi, na Machi 1981 watunzi walikiri kosa lao. Kati ya wanafunzi wapatao 830,000 waliofanya mtihani ule, takribani 240,000 walipandishiwa alama.

Katika SAT wa Mei 1982 likaja jambo lenye kushangaza zaidi. Duara dogo A lina nusukipenyo ambacho ni theluthi moja ya kile cha duara kubwa B. A linabingirika kulizunguka B kwa nje mpaka linarudi pale lilipoanzia. Limejizungusha mara ngapi? Kwa kuwa mzingo wa B ni mara tatu ya mzingo wa A, mkono wa kila aliyesoma Hisabati unakimbilia tatu, na tatu ndiyo waliyoitaka watunzi. Jibu la kweli ni nne. Kitovu cha A hakipiti juu ya ukingo wa B; kinapita kwenye njia iliyo mbali zaidi na kitovu cha B, njia yenye nusukipenyo mara nne ya kile cha A, na safari yenyewe ya kuzunguka huongeza mzunguko mmoja. Asiyeamini achukue sarafu mbili zinazofanana, aibingirishe moja kuizunguka nyingine, na ataona inajizungusha mara mbili wakati alitarajia mara moja. Nne haikuwemo kabisa katika machaguo matano yaliyotolewa. Kati ya watahiniwa wapatao 300,000, watatu waliandika kueleza kwamba swali halina jibu sahihi, na swali likafutwa na alama zikahesabiwa upya.

Jaribu kumweka mmoja wa hao watatu chini ya mwembe wetu. Anasema amepata nne. Jibu atakalopewa ni moja: "Nne haipo hata kwenye machaguo!" na kicheko kitamaliza mjadala. Ushahidi wa kwamba amekosa ungekuwa ni karatasi yenyewe, ambayo kila mtu anaamini haiwezi kukosea. Hiyo ndiyo tofauti ninayoisema. Katika kuhesabu alama, karatasi ni hakimu na wanafunzi ni washtakiwa wanaobashiri hukumu. Katika kulihoji swali, karatasi nayo inapanda kizimbani.

Mambo hayo hayakuwezekana kwa ujasiri wa vijana peke yake. Mwaka 1979 jimbo la New York lilipitisha sheria, iliyosukumwa na seneta Kenneth LaValle na kuanza kutumika mwanzoni mwa mwaka 1980, iliyowataka waandaaji wa mitihani ya kuingilia vyuo wawape watahiniwa maswali na majibu sahihi baada ya matokeo kutoka. Waandaaji waliipinga kwa nguvu, wakisema itapandisha gharama na kuharibu maswali. Piramidi na duara vilifichuka ndani ya miaka mitatu ya kwanza ya sheria hiyo, na siamini hata kidogo kwamba watunzi walianza kukosea mwaka 1980. Kilichoanza mwaka huo ni kwamba mwanafunzi sasa aliweza kuweka jibu lake kando ya jibu lao na kuuliza kwa nini.

Lipo tukio moja linaloikwaruza hoja yangu, na si haki kulipita kimya. Baada ya SAT wa Oktoba 2005, wanafunzi 4,411 walipewa alama za chini kuliko walizostahili, wengine kwa mamia ya alama, kwa sababu karatasi za majibu zilikuwa zimeingia unyevunyevu, zikatanuka, na mashine ya kuzisoma haikuiona baadhi ya miviringo iliyotiwa penseli. Wengine zaidi ya 600 walipewa alama za juu kuliko haki yao, na hao hawakupunguziwa. Kosa lilianza kuonekana pale wanafunzi wawili walipoomba karatasi zao zisahihishwe upya kwa mkono. Mtu haombi jambo hilo na kulilipia kama hana hesabu yake kichwani inayokataana na aliyopewa. Kwa hiyo kuhesabu nako kuliwahi kumwokoa mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba kulimwokoa kwa sababu mtihani ule ulikuwa na maswali yale yale kwa wote, karatasi ipo ghalani, na mlango wa kuomba ikaguliwe upo wazi. Hesabu ya kichwani haina kazi pale ambapo hakuna kitu cha kuilinganisha nacho.

Korea Kusini wamechagua njia nyingine, nami naiheshimu pamoja na ukali wake wote. Mtihani wao wa kitaifa wa kuingilia vyuo, unaoitwa Suneung, hufanywa siku moja ya Novemba, na nchi nzima hunyamaza kwa ajili yake kiasi cha ndege kuzuiwa kuruka na kutua wakati wa kipengele cha kusikiliza Kiingereza. Watunzi hufungiwa mahali pa siri kwa wiki kadhaa bila simu mpaka mtihani uishe. Lakini ukishaisha, hakuna siri tena: maswali na majibu rasmi hutolewa siku hiyo hiyo, na kwa siku chache zinazofuata mtu yeyote anaweza kuwasilisha pingamizi kuhusu swali lolote. Mwembe umepewa ofisi na anwani.

Novemba 2021 swali la 20 katika somo la Biolojia ya Juu lilileta taharuki. Lilihusu makundi ya wanyama na mgawanyo wa jeni zao, na waliolifuatilia hadi mwisho walikuta kwamba, kwa takwimu zilizotolewa, idadi ya wanyama wa aina mojawapo inakuwa chini ya sifuri. Hakuna kundi la wanyama wenye idadi hasi. Taasisi inayosimamia mtihani ilikiri kasoro lakini ikasema jibu bado linaweza kupatikana, hivyo swali libaki. Wanafunzi 92 wakaenda mahakamani, na tarehe 15 Desemba mahakama ya utawala ya Seoul ikaamua kwamba swali ni batili, watahiniwa wote wa somo hilo, takribani 6,500, wakahesabiwa wamelipata, na mkuu wa taasisi akajiuzulu. Linalonivutia katika kisa hicho ni ubora wa hoja kuliko ushindi wenyewe. Watetezi wa swali walisema mwanafunzi mjanja angefika kwenye jibu kwa njia fupi bila kugundua tatizo. Walioshtaki walisema mwanafunzi makini, anayehakiki kila hatua, ndiye aliyeadhibiwa kwa umakini wake. Mahakama iliona kwamba mtihani wa sayansi haupaswi kumlipa asiyehakiki na kumnyima aliyehakiki.

India nao wana dirisha la pingamizi, na mwaka 2024 lilionyesha kwamba dirisha peke yake halitoshi kuleta utulivu. Katika NEET, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, swali moja la Fizikia kuhusu atomi lilikuwa na jibu moja kwa mujibu wa toleo jipya la kitabu cha kiada na jingine kwa mujibu wa toleo la zamani. Wasimamizi wakayakubali yote mawili. Uamuzi huo ukapingwa, shauri likafika Mahakama ya Juu, na mnamo Julai wataalamu wa IIT Delhi, chuo mashuhuri cha teknolojia, walioombwa na mahakama, wakasema jibu sahihi ni moja tu, lile la toleo jipya. Waliokuwa na alama zote bila kukosa hata moja wakashuka kutoka 61 hadi 17. Sayansi ilikuwa upande wa uamuzi huo. Hata hivyo nilipousoma niliwafikiria wale waliosomea vitabu walivyoachiwa na kaka na dada zao, kama tulivyosomea wengi wetu. Mjadala wa majibu ulikuwa umefichua kwamba swali lile lilimpima mtu umri wa kitabu chake, na jambo hilo lilistahili kusemwa mbele ya majaji hata kama uamuzi ungekuja kuwa ule ule.

Waandaaji wa SAT wana sababu zao za kukaa upande wa siri, na haifai kuzidharau. Mtihani unaofanywa mara kadhaa kwa mwaka, katika nchi zenye saa tofauti, hauwezi kutungwa upya kila mara kama ule wa Novemba wa Korea. Mizani ya alama niliyoieleza inategemea maswali yanayorudiwa, kwa kuwa bila swali lililofanywa na makundi mawili huwezi kujua kundi lipi lilikutana na toleo gumu. Swali likishazungumzwa hadharani halina thamani tena kama kipimo. Agosti 2018 ilibainika kwamba toleo lililotumika Marekani lilikuwa limeshatumika Asia mwaka uliotangulia, na kwamba nakala zake zilikuwa mikononi mwa watu kabla ya siku ya mtihani. Wanafunzi waaminifu walioingia bila kuliona walidhulumiwa waziwazi. Kwa hiyo kanuni inayomkataza mtahiniwa kusimulia maswali kwa njia yoyote, kwa tishio la kufutiwa alama au kuzuiwa kufanya mitihani mingine, ina mtu halisi inayemlinda.

Ninachokipinga ni kufanya siri hiyo isiwe na mwisho. Katika enzi za karatasi, mtahiniwa wa baadhi ya tarehe za mtihani aliweza kulipia na kupata kijitabu cha maswali, majibu yake na majibu sahihi. Kwa mtihani wa kompyuta huduma hiyo haipo. Anachopata mwanafunzi ni alama yake na michoro inayomwonyesha ni mada zipi alifanya vizuri na zipi vibaya. Swali lenyewe halioni tena. Tafakari hali hiyo kwa yule wa duara: ameona kasoro, ana dakika moja na nusu kwa swali, hawezi kuondoka na karatasi, hawezi kuwaeleza wenzake kwa kuwa kanuni inakataza, na hata akiwaeleza, huenda wao hawakupewa swali hilo. Anaweza kuripoti kwamba swali fulani lilikuwa na tatizo, lakini ataripoti kwa kumbukumbu, peke yake, bila kuona jibu ambalo waandaaji wanalishikilia. Katika mazingira hayo, kinachobaki kwa mwanafunzi kukifanya nje ya chumba ni kuhesabu alama zisizohesabika.

Sioni kwamba hali hii ilikuwa ya lazima. Maswali hustaafishwa, na swali lililostaafu halina siri ya kulindwa. Linaweza kurudishwa kwa waliolifanya, likiwa na jibu lake, hata kama ni baada ya mwaka mmoja. Sehemu ndogo ya maswali ya kila msimu inaweza kutolewa kwa umma huku yale ya kupimia mizani yakibaki ghalani. Lingeweza pia kuundwa jopo la wataalamu wa nje ambalo pingamizi za wanafunzi zingepelekwa kwake na hoja za pande zote zikachapishwa, kwa sababu mtu hapaswi kuwa mtunzi, msahihishaji na hakimu wa rufaa dhidi yake mwenyewe. Yote haya yana gharama. Gharama hiyo hailingani na ile anayobebeshwa mwanafunzi aliye sahihi anapoambiwa amekosa na hana pa kulipeleka neno lake.

Kwetu Tanzania tuna hali nyingine, na katika baadhi ya mambo tuko pazuri kuliko tunavyodhani. Baraza la Mitihani, lililoanzishwa mwaka 1973, halifichi karatasi za mitihani iliyopita; zimejaa mashuleni na kwenye maduka ya vifaa vya kuandikia, na hakuna mwanafunzi wa Kidato cha Sita asiyezifanyia mazoezi. Kila mwaka Baraza hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, inayoonyesha swali kwa swali jinsi watahiniwa walivyojibu na mahali walipokosea, pamoja na sampuli za majibu mazuri na mabaya. Ningetamani kila mwalimu aliyewahi kumwambia mwanafunzi "mtihani umeshapita" aisome taarifa hiyo pamoja na darasa lake. Ninachotamani zaidi ni siku chache baada ya kila karatasi ambazo mwanafunzi au mwalimu wake anaweza kuandika rasmi, "swali hili lina kasoro, na sababu ni hii," akajibiwa kwa maandishi kabla usahihishaji haujaanza.

Yule mwenzetu mwenye kijiti alimaliza mchoro wake siku ile bila msikilizaji. Mwalimu alipita, akatuambia tukale, nasi tukatawanyika. Miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa nafundisha twisheni jioni, nilikutana na swali lile katika kitabu cha mitihani iliyopita, nikalifanya taratibu mara mbili, na mara zote mbili likanipa jibu lake yeye.